Sindano za Wiki Nzima

Mtaalamu wa maabara hakuwa mtu wa kumkaribisha mgeni kiti. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani minene, na tangu Inspekta alipoingia na Koplo nyuma yake, alikuwa amesema mambo mawili tu: wasiguse kitu, na Koplo atoke nje na karanga zake.

"Karanga zimo mfukoni, Daktari," Koplo alijitetea.

"Na mfuko umo maabara yangu."

Koplo akatoka, akaegemea mwimo wa mlango, akaendelea kutafuna taratibu huku masikio yake yote mawili yakiwa ndani.

Inspekta alivuta stuli mwenyewe, akakaa. Kituoni walimwita Mama Pacha, jina lililomfuata kutoka wodi ya wazazi na likakataa kumwachia hata alipopandishwa cheo. "Nieleze kama unavyomweleza mtu aliyefeli sayansi," alisema. "Maana nilifeli."

"Mtu wenu ana saratani ya damu. Unajua uboho?"

"Ule ute wa ndani ya mifupa."

"Huko ndiko damu inakotengenezwa. Uboho wake unatoa seli changa ambazo hazikui. Zinajazana, zinazisukuma zile nzima pembeni, mpaka mtu anakosa damu ya kupumulia na anavuja kwenye fizi akipiga mswaki. Sasa, ukizifungua seli hizo, jeni za kuziambia 'komaa' au 'kufa' zimo. Nyingi hazina kasoro. Ila zimezibwa. Kuna vialama vidogo vya kemikali, tunaviita vya methili, vimebandikwa juu yake. Seli haizisomi tena."

"Kama swichi iliyobandikwa plasta."

"Sawa. Swichi nzima, umeme upo, kidole hakifiki."

"Na dawa inabandua plasta."

"Hapana." Mtaalamu alivua miwani, akaifuta, akairudisha. Ilionekana alipenda sana kusema hapana. "Dawa inamkamata mbandikaji. Seli inapojigawa, kuna kimeng'enya kinachonakili alama zile kutoka kwa seli mama kwenda kwa seli mtoto. Dawa inakinasa. Seli zinaendelea kuzaana lakini alama hazinakiliwi, na baada ya vizazi viwili vitatu plasta zimepungua, jeni zimeamka. Ndiyo maana sindano ni za kila siku kwa wiki nzima, na kila mwezi unaanza upya. Ukilegea tu, mbandikaji anarudi kazini."

Aligeuza kioo cha kompyuta. Kulikuwa na mstari mmoja mwekundu, wa wingi wa zile alama. Mwanzoni ulizama, ukapanda, ukazama, ukapanda, kama njia ya kwenye vilima. Kisha ukanyooka, ukaenda hivyohivyo hadi mwisho.

"Kila mzamo ni wiki yake ya sindano. Kisha, tazama hapa. Hakuna tena."

"Daktari wake anasema ugonjwa umeizoea dawa."

"Daktari wake alitazama seli za saratani peke yake. Mimi nilitazama na zile nzima zilizobaki. Ugonjwa unaweza kuikataa dawa, sibishi. Lakini seli nzima hazina ugomvi na dawa. Dawa ikiingia mwilini, na zenyewe zingepoteza alama. Hazijapoteza. Mtu huyu kwa miezi hii yote hajaingiwa na dawa. Hata tone."

Mlangoni, Koplo aliacha kutafuna.

"Na chupa?" Mama Pacha aliuliza.

"Muuguzi anazirudisha tupu, kama sheria inavyotaka. Nimepima mabaki ya ungaunga. Ni dawa yenyewe, si chokaa wala unga wa ngano."

"Kwa hiyo dawa ilitoka kwenye chupa, haikufika kwa mgonjwa."

"Hayo ya katikati ni ya polisi." Akazima kioo. "Kesho daktari wake anamtoa kwenye orodha ya dawa, anampa za maumivu aende nazo nyumbani. Akitolewa, hamalizi mwezi. Kama kweli hakuwahi kuchomwa, basi dawa haijamshinda, bado ana nafasi. Lakini daktari hataki hisia zangu. Anataka kuambiwa ni nani na kwa nini, kabla hajasaini."

"Umemsikia?" Mama Pacha alimuuliza Koplo walipokuwa wanashuka ngazi.

"Nimemsikia. Ni yule nesi. Anauza."

"Anauza nini, na dawa ilitoka kwenye chupa?"

"Anaivuta kwa sindano, anaiuza ndani ya sindano."

"Kwa nani? Kwa mpita njia?"

Koplo akameza karanga. "Ana pikipiki mpya," alisema, kama mtu anayeweka karata ya mwisho mezani.

*

Muuguzi walimkuta tayari kituoni, ameketi ukingoni mwa benchi, begi la kazi mapajani. Mitaa yote aliyohudumia ilimwita Nesi Chapchap. Alitembelea wagonjwa majumbani, na hakuna aliyewahi kumwona akimaliza kikombe cha chai.

"Pikipiki umeipata wapi?" Koplo alianza kabla hata ya kukaa.

"Ya shemeji yangu. Kasafiri. Mpigie."

Koplo alipiga. Kweli alikuwa shemeji, amesafiri, na alitaka kujua kama pikipiki imekwanguliwa. Koplo akakata simu.

"Tumalize hilo," Mama Pacha alisema. "Nesi, sikiliza. Mgonjwa wako, Bwana Jela, anakufa. Maabara inasema dawa haimwingii. Usinipigie chenga, sina muda. Unaichanganyaje?"

Nesi alieleza, na mikono yake ilieleza pamoja naye. Maji yanatolewa kwenye friji, yanaingizwa kwenye chupa, chupa inatikiswa. Dawa haiyeyuki ikawa kama maji, inabaki nyeupe kama tui jepesi. Inavutwa kwenye bomba la sindano, na kabla ya kuchoma unalibingirisha kati ya viganja ili ule weupe usilale chini. Kisha unachoma tumboni au pajani.

"Kisha siku ya pili unarudi."

Mikono ya Nesi ikasimama.

"Siku ya pili unarudi, Nesi?"

"Mwanzoni nilikuwa narudi."

"Halafu?"

"Nyumba yenyewe iko juu kabisa, afande, pikipiki haifiki, unapanda kwa miguu. Na yule mzee ana mdomo! Ananiita mahabusu. Ananiambia nisimame wima wakati namchoma. Siku moja alinipiga fimbo ya mguuni kwa sababu nilivaa viatu ndani." Alifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Mama wa pale akanionea huruma. Akaniambia, mwanangu, kwa nini ujitese? Changanya zote Jumatatu, uniwekee kwenye friji, mimi nitamchoma kila siku. Namna ya kuchoma nimeshaiona."

"Zote," Mama Pacha alisema polepole. "Za wiki nzima."

"Kwenye friji, afande! Sikuziacha jikoni. Insulini inakaa friji. Chanjo inakaa friji. Friji ni friji."

Mama Pacha alinyanyua simu, akampigia mtaalamu wa maabara, akamuuliza maswali mawili, akasikiliza, akaweka simu chini.

"Dawa hii ikishaguswa na maji inaanza kuvunjika," alisema. "Mezani, saa moja. Kwenye friji inajikongoja siku hiyohiyo. Ya Jumanne ilikuwa imeshaharibika. Ya Jumapili ulikuwa unampelekea maji ya chaki."

Uso wote wa Nesi ukaanza kuporomoka. Alilia vibaya, kwa sauti, kamasi zikishuka juu ya begi, na hakuna aliyemzuia.

"Basi ndiyo hiyo," Koplo alisema kwa sauti ya chini. "Uzembe. Nampeleka ndani, nawe unampigia daktari."

"Bado." Mama Pacha alikuwa anatazama ukuta. "Nesi, acha kulia kidogo, utalia baadaye. Ya Jumatatu yenyewe. Hiyo ilikuwa mbichi. Ulimchoma wewe?"

"Ya Jumatatu... nilimwachia mama pia."

"Kwa nini? Si ulikuwa umefika, sindano mkononi?"

"Alikuwa anakula. Mama akasema akimaliza atamchoma."

"Kila Jumatatu alikuwa anakula?"

Nesi alifikiri, na alivyofikiri machozi yakakauka yenyewe. "Kuna siku alikuwa bafuni. Kuna siku amesinzia, mama akasema tukimwamsha atatutukana. Nyingine..."

"Maabara wanasema sindano moja nzima kwa mwezi ingeacha dalili kwenye damu. Ndogo, lakini ingeonekana. Haipo. Kwa hiyo si friji tu. Hata ile uliyochanganya mbele ya macho yake ilisubirishwa mpaka ikafa." Mama Pacha aliinama karibu. "Nani alimwambia yule mama kwamba dawa hii ikikaa saa moja mezani inakufa?"

"Mimi," Nesi alisema kwa sauti ndogo. "Miezi ile ya mwanzo. Nilikuwa namhimiza. Mama, niletee mzee haraka, hii ikikaa hapa saa moja ni maji tu."

Koplo alikuna kidevu. "Mahakamani huyo mama atasema hakusikia. Atasema mimi mke wa nyumbani, nesi ndiye msomi. Na nesi mwenyewe ana kosa lake, nani atamwamini?"

"Hakuna," Mama Pacha alisema. "Nesi, nawa uso. Tunapanda kilima."

*

Njiani walipita maabara. Mtaalamu, baada ya kusema hapana mara mbili, aliwapa chupa ya dawa iliyooshwa na kutiwa sukari ya maziwa iliyosagwa. Ikichanganywa na maji ya baridi kwa haraka inatoa weupe uleule. Hata yeye mwenyewe, alikiri, angelazimika kuitazama mara ya pili.

Nyumba ilikuwa safi kwa namna ya kutisha. Vikombe vilining'inia kwenye misumari, vishikio vyote vimeelekea upande mmoja. Viti vilikuwa vimesogezwa ukutani kana kwamba kuna mtu anayepita kuvipima. Bwana Jela alikuwa mkuu wa magereza mpaka alipostaafu, na kwa macho ya Mama Pacha, alikuwa amestaafu kazi tu, gereza alikuja nalo nyumbani.

Mkewe alikuwa mwanamke mdogo, mikono mikavu, kanga imefungwa kwa nguvu. Aliwapokea kwa heshima zote.

"Huyu ni msimamizi wetu," Nesi alisema. "Anakagua kazi zetu za nyumba kwa nyumba. Na hospitali imekubali kumpa baba wiki moja ya mwisho, mama. Daktari anasema tujaribu."

"Mungu awabariki," mwanamke alisema. Uso wake ulikuwa mkavu kama sahani. "Karibuni, karibuni mketi."

Kutoka chumba cha pili, fimbo iligonga ukuta. "Nani hao?"

"Ni nesi, baba."

"Mwambie avue viatu!"

Nesi alishavua. Alichanganya chupa pale mezani, akavuta, akalaza bomba la sindano juu ya kitambaa safi. Mama Pacha alipiga miayo kama mfanyakazi wa serikali aliyechoka na safari.

"Wewe nenda kwa wagonjwa wengine," alimwambia Nesi. "Mama si anajua kuchoma? Mimi namsubiri dereva wangu, gurudumu limepasuka huko chini."

Nesi akatoka. Koplo, ambaye ndiye aliyekuwa dereva, alikuwa amekaa nje chini ya dirisha, mgongo ukutani, daftari gotini. Hakula kitu, kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Mwanamke alilichukua bomba kwa vidole viwili. Hakuelekea chumbani. Alilipeleka dirishani, akaliweka juu ya kizingiti ambapo jua lilikuwa limejaa, akalisogeza kidogo ili kivuli cha fremu kisiliguse.

"Likitoka baridi linamuuma," alisema. "Nampunguzia makali."

"Una huruma, mama."

"Mtu wangu." Alichukua ufagio na kuanza kufagia sakafu ambayo haikuwa na kitu. "Tumetoka mbali."

Walizungumza. Mama Pacha alilalamika kuhusu wanawe pacha, jinsi mmoja anavyoiga kila baya la mwenzake na hakuna linaloigwa zuri. Mwanamke alicheka palipostahili kuchekwa. Alisema na yeye alijaliwa mmoja, msichana. Mama Pacha akauliza yuko wapi. Mwanamke alisema, "Yupo," kisha akatazama saa ya ukutani, akaendelea kufagia.

Chumbani, fimbo iligonga tena. "Maji!"

Alimpelekea maji. Mama Pacha alisikia kikombe kikigonga kitanda, kisha sauti ya mzee: "Haya ni ya moto. Unanipa maji ya moto? Mtu anaumwa homa unampa maji ya moto? Ng'ombe wewe." Kikombe kilianguka. Mwanamke alirudi na upande wa kanga umelowa, akatazama saa, akachukua kitambaa cha kupangusia.

"Yuko macho," Mama Pacha alisema.

"Eeh, ameamka."

"Basi mchome."

"Atakula kwanza."

"Umempikia?"

"Nitampikia."

"Mama, dawa imeshapata joto la kutosha. Mchome sasa, na mimi nijaze fomu zangu niondoke."

"Bado kidogo."

"Bado nini?"

"Bado haijafika saa yake," mwanamke alisema, macho kwenye mshale wa saa.

Kitambaa kikasimama mkononi mwake. Nje, chini ya dirisha, kalamu ya Koplo ilisikika ikikwaruza.

"Saa ya nini, mama?" Mama Pacha aliuliza.

Mwanamke alitazama bomba pale kizingitini, akamtazama mgeni, viatu vyake vizito, jinsi alivyokaa akiwa ameziba njia ya kutokea. Alielewa bila kuelezwa.

"Wewe si wa hospitali."

"Mimi ni polisi. Na hiyo ni sukari. Nesi alichanganya huku unamwona, hukuuliza dozi, hukuuliza jina la dawa. Ulichotaka kujua ni saa."

"Nimesahau tu mambo yangu. Mimi mtu mzima."

"Kila Jumatatu ulisahau? Nesi amenihesabia. Mara anakula, mara yuko bafuni, mara kasinzia. Leo yuko macho, ana kiu, anatukana, na bado unasubiri."

"Sikujua." Alilisema vizuri, bila haraka. "Mimi sikusoma, mwanangu. Nesi ndiye aliyesoma. Kama dawa ilikufa, ilikufa mikononi mwa msomi. Niulizeni mimi kupika na kufua."

Hapo alisimama imara, na Mama Pacha alijua kwamba Koplo alisema kweli. Neno moja kuhusu saa, lililosikiwa na polisi wawili, na upande wa pili mwanamke mzee mwenye kanga iliyolowa. Wakili yeyote mwenye njaa angelimaliza hilo kabla ya mapumziko ya mchana.

"Mlete huku!" fimbo iligonga. "Wewe polisi! Nimesikia. Mimi naumwa damu, siumwi masikio. Njoo hapa, naye aje."

Chumba kilinuka dawa ya kusafishia na damu ya zamani. Bwana Jela alikuwa amelala juu ya mito mitatu, mtu mkubwa aliyebaki mifupa mikubwa. Mikono ilikuwa na mabaka meusi kila mahali alipoguswa. Fizi zake zilikuwa zimevimba, na alipozungumza meno yalikuwa na mstari mwekundu.

"Kwa hiyo dawa haikunishinda," alisema.

"Haikukufikia, mzee."

"Ikinifikia?"

"Maabara wanasema una nafasi. Kama uliyokuwa nayo mwanzo. Sindano hospitalini, miezi kadhaa."

Alifikiri. Kisha, mbele ya mkewe na polisi wawili, maana Koplo alikuwa ameshaingia na kusimama mlangoni, Bwana Jela alianza kucheka. Kicheko kilimletea kikohozi, kikohozi kikamletea damu kwenye leso, na bado alikuwa anacheka.

"Sina malalamiko," alisema.

"Kesi hii si ya malalamiko yako, mzee. Ni ya serikali."

"Nimepeleka watu mahakamani wewe unanyonya. Usinifundishe." Aliipangusa midomo. "Andika, kijana. Mimi ndiye niliyemwambia aziache. Mimi sikutaka sindano. Mtu mzima ana haki ya kukataa dawa, au sivyo? Nilimwamuru mke wangu aziweke dirishani, akatii. Huwa anatii siku zote. Nitaapa hivyo kwa hakimu, mgonjwa wa kitanda, leso ya damu mkononi. Tuone nani atamfunga."

Koplo alimtazama Mama Pacha. "Anaweza?"

"Anaweza," alisema Mama Pacha.

"Haya." Bwana Jela alimgeukia mkewe, na sauti yake ikawa laini, karibu ya upole. "Umesikia, mama? Hakuna anayekwenda popote. Mimi nakwenda hospitali, wananichoma, napona. Nawe unabaki hapa unasafisha. Unaninyooshea shuka. Kisha narudi, nina nguvu zangu zote, milango naifunga mwenyewe kama zamani, tunakaa mimi na wewe. Tutazungumza kuhusu dirisha hilo. Tuna muda."

Mwanamke alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, mikono imefumbatwa tumboni. Ule uso mkavu haukubadilika. Ila miguu ilirudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, mpaka mgongo ukamgusa Koplo.

"Una kalamu, mwanangu?" alimuuliza.

"Ninayo, mama."

"Basi futa aliyosema huyo. Andika ya kwangu."

"Mama," Mama Pacha alisema, "huna lazima ya kusema kitu. Una haki ya—"

"Nimesema andika. Nilijua. Nesi alisema ikikaa saa moja ni maji, nikamsikia vizuri, nikiwa hapo mlangoni na beseni. Mwezi uliofuata nikamwambia azichanganye zote. Ya Jumatatu nilikuwa naianika dirishani mpaka mshale mrefu uzunguke wote, ndipo namchoma. Nikambingirishia kabisa viganjani, kama nilivyofundishwa, na yeye ananitazama. Na kila nikimchoma namwambia, pole baba."

"Mwongo!" fimbo iligonga kitanda. "Niliamuru mimi!"

"Hakuniamuru. Aliniamuru mengi, hilo nililitunga mwenyewe."

"Polepole, mama," Koplo alisema, jasho likimtoka. "Naandika."

"Usiniambie polepole. Andika 'kwa kusudi'. Umeandika? Liandike mara ya pili." Akavuta pumzi. "Binti yangu alichelewa kurudi, mvua inanyesha. Huyu akafunga mlango. Mtoto aligonga, akaniita, na mimi nimekalishwa hapa kitandani, mkono wa huyu uko hapa." Aliigusa shingo yake. "Akagonga mpaka akaacha. Asubuhi nilikuta kiatu kimoja. Mpaka leo sijui aliko, mzima au mfu. Niliuliza hilo mara moja tu. Andika hivyo. Andika kwamba nilitaka afe polepole, na kwamba alikuwa anakufa vizuri mpaka mlipokuja."

"We mwanamke!" Bwana Jela alijaribu kuinuka, mito ikamwangukia. "Polisi, huyu ana wazimu! Hajui asemalo!"

"Ninajua kila nisemalo. Andika na hilo."

Mama Pacha alitoa simu. Daktari wa Bwana Jela aliitika kwa sauti ya mtu aliye katikati ya chakula. Alimwambia kwa maneno machache: ni nani, kwa nini, na kwamba dawa haikuingia. Mgonjwa asitolewe kwenye orodha. Gari la wagonjwa lije leo, na machela ipande kilima. Daktari aliuliza kama ana hakika. Alisema anayo, na maungamo yanaandikwa wakati huu.

Alipokata simu, mwanamke alikuwa anamtazama. Alikuwa amenyoosha mikono mbele, viganja juu, vifundo vya mikono vimekaribiana. Koplo alikuwa ameshika pingu bila kujua aanzie wapi.

"Yeye atapona baada ya muda gani?"

"Wakimpata mapema, miezi. Labda mwaka."

"Na mimi mtanipa miaka mingapi?"

"Hiyo ni kazi ya hakimu, mama. Kwa ulivyoandikisha, ni mingi."

Mwanamke alifanya hesabu kichwani, midomo ikicheza bila sauti, huku nyuma yake fimbo ikigonga ukuta, ikigonga, ikigonga.

"Basi inatosha," alisema, akamgeukia Koplo. "Funga, mwanangu. Na uisome yote kwa sauti kabla hatujatoka, nisikie kama kuna nililosahau."